SOMO LA WIKI: Simu ya intaneti na laini ya akiba

Mfanyabiashara wa maharage wa Kasulu au Kibondo anayepatana bei na mnunuzi wa Mwanza au Dar es Salaam kwa simu ya intaneti huokoa fedha, hasa mazungumzo yakiwa marefu. Lakini mawasiliano yakikatika lori limeshapakiwa na bei bado haijafungwa, hasara inakuwa ya nani?

Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, kadi ya pili ya data haikusaidii sana. Simu ya kawaida ya ndani ya nchi haipiti baharini, kwa hiyo akiba ya kwanza ni hiyo, nayo iwe na salio la kupigia. Wengi wetu hununua kifurushi cha data tu, kisha tunaanza kutafuta vocha usiku.

Kadi ya mtandao wa pili ni nzuri, ila angalia minara. Kampuni kama Helios Towers hukodisha mnara mmoja kwa mitandao kadhaa. Mnara ukizimika, kadi zote mbili zinalala. Kwa mwezi mmoja, kila mtandao wa kwanza unapopotea, andika kama wa pili ulikuwapo. Kama ilipotea pamoja kila mara, kadi hiyo si akiba.

Halafu umeme. Wilaya hizi zilitegemea majenereta ya dizeli hadi zilipoingizwa kwenye gridi ya Taifa, lakini gridi nayo hukatika, na ruta huzimika hata kama mnara uko hai. Ruta ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 (yaani wati-saa 84) ihesabie saa 4 au 5, kwani betri haifai kumalizwa kabisa.

Namba za wanunuzi ziandikwe kwenye daftari, na bei ithibitishwe kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwambie mnunuzi mapema laini ipi apige intaneti ikipotea. Kisha, siku isiyo ya gulio, zima ruta kwa saa moja uone ni nani kati yao atakayekupata.