Pima Soli Kabla ya Kuiunga kwa Moto

Viatu vya mitumba vinavyouzwa Busia, Malaba na huku Port Victoria vina soli za kila namna. Zingine huungana vizuri zikiyeyushwa. Zingine utazichoma mchana kutwa zikutolee moshi tu. Kwa hiyo anza kwa kupima, tena nje, upepo ukiwa mgongoni.

Choma waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse soli mahali pasipo gundi, kisha uurudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, ndani mna klorini, na kwa kawaida hiyo ni plastiki ya PVC. Usiiyeyushe, maana moshi wake una asidi inayochoma koo na mapafu. Ishone.

Kijani kisipoonekana, pasha msumari, usiuache uwe mwekundu, uubonyeze chini ya kisigino. Ukizama na kuvuta uzi, soli hiyo inayeyuka. Ukitoa harufu ya tairi bila kuzama, ni raba iliyopikwa na salfa, kama ya akala. Charles Goodyear aligundua upishi huo mwaka 1839. Salfa hufunga minyororo ya molekuli za raba moja kwa moja, na moto hauwezi kuifungua pasipo kuiharibu. Hiyo nayo ni ya sindano na gundi.

Soli inayoyeyuka mara nyingi ni SBS (stireni-butadieni-stireni), ambayo kampuni ya Shell ilianza kuiuza miaka ya 1960. Kila mnyororo wake una ncha mbili ngumu za polistirini, na katikati polibutadieni laini. Ncha hukusanyana zikawa vifundo, na vifundo ndivyo vinavyoirudisha soli kila inapokunjwa. Joto likipita nyuzi 100 hivi, hulegea; vikipoa, hukaza tena. Ndiyo maana kiwanda huiyeyusha, huisukuma kwenye kalibu, na mabaki yakasagwa na kurudishwa mashineni. Fundi mwenye kisu cha moto anatumia sifa hiyohiyo.

Ili kuiunga, osha ufa kwa sabuni, ukaushe kabisa, ukwangue gundi ya zamani. Kata ukanda kutoka soli mbovu ya aina ileile. Yeyusha pande zote mbili kwa pamoja, bonyeza, na usiikunje hadi ipoe. Moshi ukitoka, kisu kimezidi moto: minyororo inaungua na kiungo kitakatika.

Ndara za sponji ni jambo jingine. Nyingi hazitiririki zikipashwa. Ndara zipake gundi pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ushindilie.

Wavuvi nao wasikanyage petroli ya injini iliyomwagika mtumbwini wakiwa na soli za SBS, kwani huvimba na kulainika. Wala wasizianike juani siku nzima. Jua huishambulia ile polibutadieni, soli ikapasuka upya pembeni mwa kiungo.