SOMO LA SHERIA: GHARAMA ZA MATIBABU, BIMA NA USHINDANI
Mfano wa Madibira

Mchele wa Mbeya unajulikana katika masoko ya Unguja na Pemba. Sehemu ya mchele huo hutoka Madibira, kata ya Wilaya ya Mbarali katika bonde la Usangu, karibu na mpaka wa Mkoa wa Iringa. Huko kuna skimu ya umwagiliaji ya hekta 3,000 hivi, inayopata maji yake kutoka mto Ndembera. Somo hili linatumia kaya ya mkulima wa Madibira kueleza jinsi sheria zinavyogawa mzigo wa gharama za matibabu. Kaya hiyo imechaguliwa kwa sababu haina mshahara wa mwezi, hupata fedha nyingi mara moja kwa mwaka wakati wa mavuno, lakini maradhi huja wakati wowote.

Inafaa ikumbukwe tangu mwanzo kwamba afya si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina sheria zake na Zanzibar ina zake. Hata hivyo msingi wa sheria hizo ni mmoja, na anayeufahamu upande mmoja hatapata taabu kuufahamu upande wa pili.

1. Kutoka matibabu ya bure hadi kuchangia

Zanzibar ilitangaza matibabu bila malipo baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Kwa upande wa Bara, sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali binafsi za kibiashara, na zikabaki hasa zile za Serikali na za mashirika ya dini. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1991, na milango ya hospitali binafsi ikafunguliwa tena. Mwaka 1993 hospitali za umma za Bara zilianza kutoza wagonjwa, ingawa makundi kama wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 yaliwekewa msamaha.

Kwa mkulima, mabadiliko haya yalikuwa na maana moja. Mtu akiugua mwezi wa Februari, mpunga ukiwa bado kijani, kaya isiyo na akiba hulazimika kukopa, kuuza mfugo, au kuuza mpunga ungali shambani kwa bei ya hasara. Mgonjwa akipona, deni hubaki.

2. Bima si akiba wala si upatu

Wapo wanaodhani kuwa bima ni kuweka fedha ili zichukuliwe baadaye. Sivyo. Katika upatu kila mshiriki hungoja zamu yake na hupokea. Katika bima wote huchangia, lakini hutumia yule aliyefikwa na maradhi. Aliyemaliza mwaka akiwa mzima hadai kurejeshewa chake, kwani alichonunua ni amani ya kujua kwamba angeugua angetibiwa.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba kaya 100 zimechangia shilingi 30,000 kila moja. Mfuko utakuwa na shilingi 3,000,000. Ikiwa upasuaji mmoja unagharimu shilingi 300,000, mfuko unaweza kulipia wagonjwa 10. Sasa kaya 50 zenye watu wazima kiafya zikijitoa kwa kuona zimepoteza fedha, mfuko utabaki na shilingi 1,500,000, nao utaweza kulipia wagonjwa 5 tu. Idadi ya wagonjwa haikupungua, kwa kuwa waliojitoa ni wale wasiougua. Hapo ndipo mifuko mingi ya hiari hudhoofika.

3. Hatua za sheria upande wa Bara

Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mchango uliwekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mtumishi na nusu kutoka kwa mwajiri.

Kwa wakulima na wengine wasio na mshahara, Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga, mkoani Tabora, katikati ya miaka ya 1990, kisha ukawekewa sheria mwaka 2001. Serikali iliongeza kiasi sawa na michango ya wanachama, utaratibu uliopewa jina la tele kwa tele. Kasoro mbili zilijitokeza. Kujiunga kulikuwa kwa hiari, na kadi ilifungamana na wilaya. Kasoro ya pili ni nzito kwa mahali kama Madibira, penye majirani wa mkoa mwingine.

Mfuko uliboreshwa mwaka 2018. Katika mikoa mingi kaya ya watu wasiozidi 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa mtu ikiwa kaya imetimia. Huduma zilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa aliyehitaji kupelekwa hospitali ya rufaa ya kanda alikuwa amevuka mpaka wa kadi yake.

Mwezi wa Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inamtaka kila mkaazi wa Bara awe na bima, inaruhusu skimu za umma na za binafsi, na inaweka mfuko maalumu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Sharti hili la kila mtu kuwemo ndilo jibu la hesabu ya kaya 100 iliyoelezwa juu.

4. Bei na ushindani

Mchango peke yake hautoshi. Mnunuzi wa mchele akiona bei kubwa huenda duka la pili. Mgonjwa mahututi hana nafasi hiyo. Hajui dawa ipi inamfaa, hana muda wa kulinganisha, na pengine hospitali ya pili iko mbali. Kwa hiyo soko la matibabu haliachwi lijiendeshe peke yake. Hata Marekani, nchi inayotukuza soko huria, Jimbo la Maryland limekuwa na chombo cha kupanga bei za hospitali tangu miaka ya 1970.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei au kula njama katika zabuni. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima nayo husimamia kampuni za bima, ili zinazopokea michango ziwe na uwezo wa kulipa madai.

Ugumu wa kupanga bei ulionekana mwezi wa Machi 2024. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya za kuwalipa watoa huduma. Baadhi ya hospitali binafsi zilisema kuwa bei hizo hazikidhi gharama, nazo zikasitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko. Bei ikiwa kubwa mno, mfuko hufilisika. Ikiwa ndogo mno, mtoa huduma hufunga mlango. Katika hali zote mbili anayeumia ni mwenye kadi.

5. Mafunzo kwa Visiwani

Zanzibar ilitunga Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya mwaka 2023, na Mfuko huo ulianza na watumishi wa umma. Mambo matatu ya Madibira yanafaa kuzingatiwa na wote.

Kwanza, wakati wa kuchangia ulingane na wakati wa kipato. Mkulima wa mpunga hulipa kwa urahisi baada ya mavuno. Vivyo hivyo mkulima wa karafuu na mvuvi wana misimu yao.

Pili, kadi ipate dawa. Mwanachama akiambiwa akanunue dawa nje, atakuwa amelipa mara mbili, na mwaka unaofuata hatarejea.

Tatu, mwanachama ajue mipaka ya haki yake kabla ya kuugua: waliomo katika kadi, vituo vinavyoipokea, na ngazi ya mwisho ya rufaa. Mtumishi wa dirishani ana wajibu wa kumweleza kwa lugha iliyo wazi.

Fedha za mfuko ni amana. Mwenye kuziandikia madai ya uongo hamwibii Serikali peke yake, bali humnyang'anya matibabu jirani ambaye bado hajaugua.