Kabla Hujalipia Almasi

Sonara ameshaweka pete mezani, na pembeni yake cheti kimejaa herufi: G, VS2, Excellent. Nyingi ya herufi hizo ni za mfumo wa GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931. Usitikise kichwa tu kama umeelewa.

1. Anza na mkato. Wengi hukimbilia kuuliza "karati ngapi?" na hapo ndipo pesa zinapopotelea. Almasi humeremeta kwa sababu mwanga huingia kwa juu, hugonga kuta za chini na kurudi machoni. Kitako kikiwa kirefu au kifupi kupita kiasi, mwanga huvuja na jiwe hupooza, hata liwe safi namna gani. Madaraja ya mkato ni matano, kutoka Excellent hadi Poor. Mimi nisingeshuka chini ya Very Good. Na usiridhike na taa za dukani, maana chini yake hata chupa iliyovunjika inapendeza. Omba usogee nayo dirishani.

2. Rangi huanzia D. A, B na C ziliachwa makusudi, kwa kuwa wafanyabiashara walikwisha kuzitumia kila mtu kwa namna yake. D haina rangi kabisa. Kadiri unavyoelekea Z, umanjano au ukahawia unazidi. Wakaguzi hulilaza jiwe kifudifudi na kulilinganisha na mawe ya mfano. Ukitaka pete ya dhahabu ya njano, D ya nini? Hata J itapendeza. Ila almasi za waridi, kama zile za Mwadui, Shinyanga, zina hesabu yake: rangi ikikolea, bei inapaa.

3. Usafi hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Madaraja ni 11, kutoka FL, isiyo na dosari, hadi I3. VS2 kwa kawaida huoni kitu kwa macho matupu, na SI1 mara nyingi vilevile. Uliza dosari iko wapi: ya ukingoni hufichwa na kucha za pete, ya katikati itakusumbua kila siku.

4. Karati hapa ni uzito, si ile ya dhahabu. Karati moja ni gramu 0.2. Jiwe la waridi lililopatikana Mwadui mwaka 1947, alilozawadiwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, lilikuwa na karati 54.5 likiwa ghafi. Lilipokatwa zikabaki 23.6. Ndiyo maana baadhi ya wakataji huacha kitako kinene, wasipoteze uzito. Wewe unalipia nyama usiyoiona. Almasi ya duara ya karati moja iliyokatwa vizuri ina upana wa milimita 6.5 hivi, dai vipimo. Tena, 0.95 huwa nafuu kuliko 1.00, na jicho halitofautishi.

5. Iweke chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Baadhi ya almasi huwaka buluu. Si ugonjwa, ila ikiwaka sana, itazame tena juani usije ukakuta ina ukungu.

6. Linganisha namba. Mawe mengi yenye cheti huchongwa namba kwa leza kiunoni; azima lenzi uisome mwenyewe. Kisha soma kama cheti kinasema ni almasi iliyotengenezwa maabara. Hiyo nayo ni almasi kweli, ila bei yake iko chini sana, na wewe uuziwe kwa bei hiyo.