SOMO: KILA MTU NA ULIMI WAKE



Mtoto wa Butembo na mtoto wa Beni wakikaa meza moja asubuhi, mabishano hayakawii. Mmoja anasema: «Kawa yenu ni chungu!» Mwenzake anajibu: «Na yenu ni maji tu!» Wakifika kwenye mkate, huyu anataka siagi, yule anataka Blue Band. Nani iko na haki? Tujifunze pamoja.

1. Kahawa

Butembo iko juu milimani, karibu mita 1700, na baridi yake tunaijua. Huko na pande za Lubero wazazi wetu wanalima arabika. Beni iko chini zaidi, kwenye joto, na huko robusta ndiyo iliyozoeleka tangu zamani. Robusta ina kafeini karibu mara mbili kuliko arabika, na ni chungu zaidi. Arabika ina harufu nzuri na uchachu kidogo. Basi wale wawili wote wanasema kweli: kila mmoja anapenda ile aliyokomaa nayo.

Lakini tuangalie vizuri. Kuna ubaya ambao si wa mti. Matunda yakivunwa mabichi, kahawa inakwaruza ulimi. Ikianikwa chini bila mkeka, inachukua harufu ya udongo. Ikikaangwa mpaka kuungua, arabika na robusta zote zinakuwa na ladha ya makaa. Hapo si neno la kupenda tena. Ni kazi iliyofanywa vibaya.

2. Siagi na majarini

Siagi inatoka katika maziwa. Majarini ilitengenezwa na Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès mwaka 1869, kwa mafuta ya ng'ombe, ili watu wapate kitu cha bei ndogo kuliko siagi. Siku hizi inatengenezwa zaidi kwa mafuta ya mimea, hata mawese. Rangi ya manjano mara nyingi inaongezwa tu. Kwa hiyo anayependa majarini hana haya, na anayependa siagi hana cheo. Swali ni hili: tunapenda kwa ulimi, ao tunapenda jina lililoandikwa kwenye kopo?

3. Jaribio

Chukueni vikombe vitatu. Katika viwili mtie kahawa ya birika moja, katika cha tatu ya birika lingine. Mwenzenu afungwe macho, aonje, aseme ni kipi kiko tofauti. Akipata mara moja, msishangilie: hata anayebahatisha hupata mara 1 kwa 3. Akipata mara tatu mfululizo, hapo mwamini, sababu kwa bahati tu ingekuwa mara 1 kwa 27. Fanyeni vilevile kwa mkate wenye siagi na wenye majarini. Wengi waliopiga kelele mezani watanyamaza.

4. Faida yake

Wengine watasema huu ni mchezo. Hapana. Wanunuzi wa kahawa wana waonjaji wao, wanaotoa alama juu ya 100. Kahawa inayopata 80 na zaidi inahesabiwa ya pekee, na inaweza kuuzwa kwa bei ya juu. Sasa fikirini: nyumba ngapi kwetu zinauza kahawa yote, halafu zinakunywa chai? Mkulima asiyeonja kahawa yake, mnunuzi akimwambia «hii ni mbaya», atajibu nini? Atapokea bei anayopewa na kurudi nyumbani kimya. Lakini anayeijua ladha yake anaweza kuuliza: «Mbaya namna gani? Ni udongo, ni mabichi, ao ni nini?» Ulimi uliofundishwa ni sawa na mizani ya pili sokoni.

Basi tusicheke ulimi wa mwenzetu. Tuufundishe wetu.

MASWALI
1. Nyumbani kwenu wanalima kahawa gani? Mmekwisha kuionja?
2. Taja makosa matatu yanayoharibu kahawa nzuri.
3. Kitu gani unakipenda kwa sababu ya jina lake tu?