Kuatamia na Kumulika: Somo kwa Kamati na Wafadhili



Katika mkutano wa mwisho wa mwaka wa kamati moja ya maendeleo ya parokia, tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Kikundi cha vijana kilikuwa kimepewa fedha za kuzalisha mbegu za uyoga. Miezi 18 ilikuwa imepita. Nusu ya chupa zilikuwa zimeingia ukungu, wateja walikuwa wachache, na mfadhili alikuwa anasubiri taarifa. Mwenyekiti akauliza, "Tuendelee au tufunge?"

Swali hilo ndilo somo letu la robo hii. Kuzalisha mbegu za uyoga ni bioteknolojia ndogo, yaani kazi ya kutumia viumbe hai kutengeneza bidhaa. Hivyo tumeona ni vema tujifunze kwa wale walioifanya kazi ya namna hii kwa kiwango kikubwa. Walisubiri kwa muda gani? Nani alibeba gharama ya kusubiri? Na walijuaje wakati wa kuacha?

Neno lililotoka kwa vifaranga

Katika mji wa Batavia, jimbo la New York nchini Marekani, kiwanda kikubwa cha zana za kilimo kilifungwa katika miaka ya 1950, na watu wengi wakakosa kazi. Mwaka 1959 familia ya Mancuso ililinunua jengo lake. Joseph Mancuso alitafuta kampuni moja kubwa ya kulipangisha lote, asiipate. Basi akaligawa vipande vipande, akawapangisha wafanyabiashara wadogo, akawapa huduma za ofisi za pamoja, ushauri, na msaada wa kutafuta mtaji.

Mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa ni kampuni ya kuangua vifaranga. Kwa utani, Mancuso akaanza kuliita jengo lote mashine ya kuangulia. Utani huo ukawa jina la kazi yenyewe duniani kote, na ndiyo maana sisi nasi kwa Kiswahili tunasema "kituo atamizi".

Msitu uliosubiri miaka sita

Mwaka huo huo wa 1959, katika jimbo la North Carolina, lilizaliwa jambo kubwa zaidi. Jimbo hilo lilikuwa miongoni mwa majimbo ya Marekani yenye kipato cha chini kabisa. Watu walitegemea tumbaku, viwanda vya nguo na samani, na vijana wengi waliosoma walihama. Lakini lilikuwa na vyuo vikuu vitatu vilivyo karibu karibu, katika miji ya Durham, Chapel Hill na Raleigh. Viongozi wakafikiri: kwa nini tusitenge ardhi ya misonobari iliyo katikati ya miji hiyo, iwe eneo la maabara za utafiti? Eneo hilo likaitwa Research Triangle Park.

Mwanzoni mpango ulikuwa wa kuuza hisa ili wawekezaji wapate faida. Hisa hazikupata wanunuzi wa kutosha. Mwaka 1958 mtu wa benki aitwaye Archie Davis alitoa shauri jingine: ikiwa kazi hii ni kwa manufaa ya jimbo zima, basi watu waombwe kuchangia, wala wasiahidiwe faida. Alizunguka akiomba, na kufikia Januari 1959 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 1.4. Ardhi ikawekwa mikononi mwa taasisi isiyogawana faida.

Wafadhili wapendwa, tunaomba muangalie kilichofuata. Kampuni moja, Chemstrand, ilikubali kuja mapema. Baada ya hapo wapangaji walikuwa wachache sana. Ni mwaka 1965 tu ambapo kampuni ya IBM na taasisi ya serikali kuu ya afya ya mazingira zilitangaza kuja, na ndipo eneo likachangamka. Ilichukua miaka sita! Tunaamini kwamba kama fedha zile zingekuwa mkopo wa muda mfupi, wenye mali wangekwisha kuiuza ardhi ile.

Kutoka maabara hadi kidonge

Mwaka 1970 kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome ilihamishia hapo makao yake makuu ya Marekani. Watafiti wake walishiriki kuionyesha AZT kuwa dawa dhidi ya virusi vya UKIMWI. AZT yenyewe ilitengenezwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz mjini Detroit, aliyekuwa akitafuta dawa ya saratani. Haikufaa kwa saratani, ikawekwa kando. Machi 1987 ikawa dawa ya kwanza ya UKIMWI kuidhinishwa nchini Marekani.

Wakati huo huo, mwaka 1984, jimbo lilianzisha kituo chake cha bioteknolojia. Kituo hiki kilitoa mikopo kwa kampuni changa ambazo benki zisingezikubali, kwa kuwa hazikuwa na mali ya kuweka rehani isipokuwa wazo na matokeo ya maabara.

Kisha mwaka 1995 Wellcome iliunganishwa na Glaxo. David Barry, aliyekuwa ameongoza kazi ya AZT, alianzisha pamoja na wenzake kampuni ndogo mjini Durham, Triangle Pharmaceuticals. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilichukua leseni ya dawa ya emtricitabine, iliyogunduliwa katika Chuo Kikuu cha Emory. Iliibeba dawa hiyo katika majaribio kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa 2003 kampuni ya Gilead iliinunua Triangle, na Julai mwaka huo dawa ikaidhinishwa. Emtricitabine ikaja kuunganishwa na tenofovir katika kidonge kimoja, ambacho kimetumika pia kuwakinga watu wasiambukizwe VVU. Nchini Kenya huduma hiyo ya kinga ilizinduliwa kitaifa mwaka 2017.

Tunajifunza nini hapa? Kampuni ndogo haikuanza peke yake. Ilikuta wataalamu wenye uzoefu, vyuo jirani, na mji uliokwisha kuzoea kazi ya maabara. Kituo atamizi cha bioteknolojia hufanya hivyo hivyo kwa kampuni changa. Chombo cha mvuke cha kuua vijidudu, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, umeme usiokatika na mwanasheria wa hataza ni gharama kubwa kwa kampuni ya watu watatu. Zikishirikiana kampuni kumi, mzigo unabebeka.

Kuatamia si kulala

Lakini tusije tukadhani kwamba uvumilivu ni kukaa kimya tu. Kila mfugaji anajua kwamba yai la kuku huchukua siku 21. Anajua pia kwamba baada ya wiki moja hivi mayai humulikwa kwa taa. Lenye mishipa ya damu hurudishwa kwenye joto, na lisilo na uhai huondolewa. Yai viza likiachwa humo linaweza kupasuka na kuyachafua mengine.

Bioteknolojia nayo humulika. Dawa hupimwa maabara, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa watu wengi. Kila hatua ina swali lililoandikwa kabla ya kuanza, na jibu likiwa "hapana", kazi husimama. Katika kila dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa watu, karibu 9 hazifikii kuidhinishwa. Kwa hiyo kufunga mradi baada ya kuumulika si aibu. Hasara ni kufunga bila kumulika, au kuendelea bila kumulika.

Liko pia onyo. AZT ilipotoka, gharama yake kwa mgonjwa mmoja ilikuwa takriban dola 8,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Wengi wetu tuliwazika ndugu katika miaka ile ambapo dawa ilikuwepo duniani lakini haikuwafikia. Mchango wa umma na akili za wataalamu havihakikishi kwamba maskini watapata. Jambo hilo lazima liandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Tuliporudi kwa kamati

Tuliporudi, hatukuanza na taarifa ya fedha. Tuliomba kuona chupa. Ikabainika kwamba chupa nyingi zilizoharibika zilichemshiwa katika pipa, kwa kuni ambazo mara nyingi zilikwisha kabla ya wakati. Zile zilizopitishwa kwenye sufuria ya presha iliyoazimwa kwa masista zilikuwa safi, karibu zote. Yai lilikuwa hai. Joto ndilo lililopungua.

Kamati iliamua kununua sufuria moja na kutoa miezi sita zaidi, kwa swali moja lililoandikwa: je, katika kila chupa 10, angalau 8 zitatoka safi, na wakulima watarudi kununua mara ya pili? Jibu likiwa hapana, mradi utafungwa na vifaa vitapewa kikundi kingine. Mfadhili alikubali kwa maandishi. Matokeo tutawaletea, yawe mema au mabaya.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika miradi yetu, ni ipi tuliyoifunga bila kuimulika? Ni ipi tunayoiendeleza kwa kuona haya tu?
2. Je, kila mradi una swali lililoandikwa na tarehe ya kulijibu?
3. Ni vifaa gani parokia jirani zinaweza kutumia kwa pamoja badala ya kila moja kununua vyake?
4. Mradi ukifanikiwa, ni wapi tumeandika kwamba wasio na uwezo nao watanufaika?

Kwa wafadhili tunaongeza swali moja: je, muda mnaotupatia unalingana na siku za yai, au na tarehe ya taarifa?