Kabla ya Kufumua Zipu, Kagua Kichwa Chake

Nguo, begi au kiatu vikipelekwa kwa fundi kwa sababu ya zipu, jibu huwa ni lilelile: imekufa, tuweke mpya. Hoja ya maswali na majibu haya ni kwamba hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Zipu ina sehemu tatu: tepe mbili za kitambaa, meno yaliyoshikizwa kwenye kingo za tepe hizo, na kichwa kinachopanda na kushuka. Kinachochakaa kwanza, mara nyingi, ni kichwa, nacho ndicho sehemu pekee inayoweza kubadilishwa bila kugusa mshono mkuu wa nguo.

Kwa nini zipu hufungika, kisha meno yakaachana nyuma ya kichwa?

Kichwa ni bati mbili, ya juu na ya chini, zilizounganishwa upande wa mbele na kabari ndogo. Upande huo una milango miwili, kila mstari wa meno ukiingia kwa mlango wake. Upande wa nyuma mlango ni mmoja, na hapo ndipo meno hutoka yakiwa yameshikana. Ukivuta kwenda juu, kuta za pembeni huyasukuma meno ya kushoto na ya kulia yakutane, na zile bati mbili huyazuia yasipandane. Ukirudisha chini, kabari huyatenganisha. Kwa hiyo meno hayajifungi yenyewe, hufungwa na nafasi nyembamba iliyomo ndani ya kichwa. Vichwa vingi huundwa kwa aloi ya zinki, ambayo ni rahisi kumimina kwenye kalibu lakini si ngumu sana, na kila safari ya meno huikwangua kidogo. Vumbi na mchanga huharakisha kazi hiyo. Nafasi hiyo ikipanuka kwa sehemu ndogo tu ya milimita, meno hupita bila kubanwa, na zipu iliyoonekana imefungwa hupasuka nyuma ya kichwa.

Kuna kipimo rahisi cha kumtambua mkosaji. Funga zipu mara kadhaa na utazame meno yanaachia wapi. Yakiachia mahali tofauti kila mara, tatizo ni kichwa. Yakiachia palepale kila mara, tatizo ni jino au utepe. Sababu iko wazi: jino halihami, kichwa ndicho kinachosafiri, basi kasoro inayosafiri ni ya msafiri. Ajabu ni kwamba kipimo hiki hakihitaji kifaa wala senti, na bado zipu nyingi hufumuliwa kabla hakijafanywa.

Kubana kichwa kwa koleo ni tiba, au ni kudanganyana?

Ni vyote viwili, kutegemea unataka nini. Kinachobanwa ni kingo mbili za upande wa nyuma, ule wenye mlango mmoja. Kwanza rudisha kichwa hadi mwanzo wa zipu. Bana ukingo wa kushoto kidogo, kisha wa kulia kwa nguvu ileile, ujaribu kufunga, urudie ikibidi. Anayebana upande wa mbele, au anayebana mara moja kwa nguvu zote, hukwamisha meno au huvunja kichwa chenyewe, maana aloi ya zinki hupinda kidogo tu kisha hukatika.

Wanaopinga njia hii husema haidumu, na wana haki. Chuma kilichokwisha kulika hakirudi kwa kubanwa. Umepunguza nafasi, hujarudisha unene. Begi lililobanwa asubuhi linaweza kukufikisha safari, au likadumu miezi, kutegemea kichwa kimelika kiasi gani. Lakini pingamizi hilo linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Kama zipu imefungika baada ya kichwa kubanwa, meno na utepe vimeonyesha kuwa ni vizima. Hakuna tena sababu ya kung'oa zipu nzima. Kinachotakiwa ni kichwa kipya.

Nitajuaje kichwa kinachofaa?

Tazama mambo mawili: aina ya meno na ukubwa wake. Aina ni tatu kuu. Kuna meno ya chuma, ya shaba au alumini, kama ya jinzi. Kuna meno makubwa ya plastiki yaliyomiminwa moja moja, kama ya majaketi. Kisha kuna zile ambazo wengi huziita za nailoni, ingawa nyingi leo ni za polista: hizi hazina jino moja moja, bali uzi mnene uliosokotwa mviringo toka mwanzo hadi mwisho. Kichwa cha aina moja hakifanyi kazi vizuri kwenye aina nyingine hata kama upana unalingana, kwa sababu umbo la ndani limetengenezwa kwa meno yake. Zipu ya magauni inayojificha ndani ya mshono ina kichwa chake cha pekee pia.

Ukubwa hutajwa kwa namba, na namba hiyo hukaribia upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Namba 3 ni ya sketi, magauni na suruali nyepesi. Namba 5 ni ya majaketi na mabegi mengi. 8 na 10 ni za masanduku ya safari, mahema na buti nzito. Mara nyingi namba imepigwa chapa mgongoni mwa kichwa, upande unaogusa nguo. Ikiwa imefutika, nenda dukani na kitu chenyewe. Kariakoo na kwingineko zipu zinazouzwa kwa mita huja bila vichwa, na vichwa huuzwa kando, kwa hiyo kipuri si adimu kama inavyodhaniwa. Jambo moja la tahadhari: herufi YKK, za kampuni iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1934 na Tadao Yoshida, huigwa sana. Herufi peke yake si ushahidi. Shika kichwa uone uzito wake, kisha kipitishe juu na chini kabla ya kulipa.

Fundi anasema zipu nzima mpya ndiyo itakayodumu. Amekosea?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halipaswi kupuuzwa. Zipu mpya ina meno mapya, utepe mpya na kichwa kipya. Kwa karatasi, ni lazima ishinde. Tatizo ni kwamba zipu haiwi peke yake, imeshonwa kwenye kitu, na kuing'oa kunakigharimu kitu hicho. Jaketi zuri la mtumba lina mishono miwili au mitatu iliyopita juu ya utepe wa zipu, pamoja na bitana na pindo la chini. Fundi akifumua yote hayo, kurudisha mstari ulionyooka kama wa kiwandani ni kazi ya saa nyingi, na wengi hawalipwi saa hizo. Ngozi ni mbaya zaidi: tundu la sindano kwenye ngozi halizibi, na mshono mpya ukipita kando ya ule wa zamani, mstari wa matundu hugeuka kuwa mahali pa kuchanikia. Jaketi la mvua ambalo mishono yake imezibwa kwa ndani likifumuliwa, maji hupata njia. Ukihesabu hayo, ukarabati mkubwa si lazima uwe ndio imara.

Pia si kila zipu mpya inaipita ya zamani. Kinachowekwa ni kile kilichopo kwenye kopo la fundi, na mara nyingi ni nyepesi kuliko iliyotolewa. Kutupa meno ya shaba yasiyo na kasoro ili kuweka zipu dhaifu yenye kichwa kipya ni hasara inayolipiwa. Rahisi ghali, na hapa hata rahisi yenyewe haipo.

Hata hivyo fundi hana ubaya. Kubadili kichwa huchukua dakika chache, na mteja huona tabu kulipa au hulalamika akitajiwa bei, wakati kubadili zipu nzima ni kazi inayoonekana. Tukitaka mafundi wakague kabla ya kufumua, tukubali kulipia ujuzi wa kutambua tatizo, siyo urefu wa uzi uliotumika.

Begi lina vichwa viwili na kimoja kimeharibika. Nifanyeje?

Usinunue chochote kwanza. Vichwa viwili vya begi hufunga kwa kukutana, na kila kimoja kinaweza kusafiri njia nzima peke yake. Fumua mishono michache kwenye ncha moja ya zipu, toa kibovu, kisha shona ncha hiyo kwa uzi imara ili kilichobaki kisitoke. Begi litafungwa kutoka upande mmoja tu. Ni usumbufu mdogo.

Mbona zipu za viatu hufa upesi?

Zipu ilianzia kwenye viatu. Whitcomb Judson wa Chicago alipata hataza ya kifungio chake mwaka 1893 akiwa na buti akilini, ili mtu asichoke kufunga kamba na vifungo vingi. Kilikuwa cha kulabu na vijicho, na kilifunguka ovyo. Zipu tunayoijua, yenye meno yanayokaa ndani ya mwenziwe, ni kazi ya mhandisi mzaliwa wa Sweden, Gideon Sundback, aliyeikamilisha mwaka 1913. Hata jina la zipu lilienea kupitia buti za mpira za kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani mwaka 1923. Lakini kiatu kimebaki mahali pagumu kuliko pote kwa zipu. Nguvu ya mguu huvuta meno kwa pembeni, na kichwa hakikuumbwa kushindana na nguvu hiyo. Tope na mchanga vinamalizia.

Dawa ya kwanza ni kufungua zipu hadi mwisho kabla ya kuingiza mguu, na kuleta kingo mbili karibu kwa mkono kabla ya kuvuta. Kichwa kikichakaa, kibadilishwe mapema, kwani kichwa kibovu kinacholazimishwa huharibu meno. Ikifika kubadili zipu nzima, kazi hiyo ni ya fundi viatu mwenye msharasi na uzi uliopakwa nta, naye apitishe uzi kwenye matundu yaleyale ya zamani. Fundi cherehani wa nguo, hata awe hodari, atatoboa upya.

Ni wakati gani basi zipu nzima ibadilishwe?

Pale ambapo kasoro haisafiri. Jino la katikati likitoka, au uzi wa zipu ya nailoni ukikatika au kuyeyuka kwa pasi, kichwa kipya hakitasaidia. Vivyo hivyo utepe ukichanika kando ya meno, au ile pini ya chini ya jaketi ikinyofoka na kitambaa chake. Kuna nafuu moja: jino likitoka chini kabisa, shona juu ya pengo hilo kwa uzi mnene mara nyingi mpaka kitokee kizuizi kipya. Zipu itafunguka pungufu kidogo, ila itafanya kazi.

Kwenye kubadili, wengi hukosea kabla ya kushona. Utepe wa pamba hurudi ukifuliwa, hivyo ulowekwe na kukaushwa kwanza, la sivyo mbele ya nguo itajikunja mawimbi baada ya dobi. Zipu ipigwe bandi kwa mkono ikiwa imefungwa, ndipo ishonwe kwa mguu wa cherehani ulio na upande mmoja, unaoruhusu sindano kukaa karibu na meno bila kuyagonga. Kwa sketi na gauni, mshono usisogee sana kwenye meno, maana kichwa kitakwama kila kinapofika kiunoni ambako kitambaa ni kinene.

Zipu ya suruali inateremka yenyewe. Hiyo nayo ni meno?

Hapana. Chini ya kishikio kuna kijipini kinachoingia kati ya meno kishikio kinapolazwa. Kwanza kilaze kishikio chini baada ya kufunga. Ukikiacha kimesimama, kufuli haijafungwa. Ikiendelea kuteremka, kijipini kimelika na kichwa kibadilishwe.

Nakaa pwani, na zipu za chuma hukaza. Nitumie mafuta?

Usitumie. Mafuta hulainisha leo na kushika vumbi kesho, na huacha doa. Chumvi ya hewa ya bahari hula kichwa cha zinki na kuacha ukungu wa kijani kwenye meno ya shaba. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na mswaki wa zamani, kausha, kisha pitisha mshumaa mkavu juu ya meno pande zote mbili. Risasi ya penseli nayo hufaa kwa meno ya chuma, lakini isiwe kwenye nguo nyeupe.

Nikifika kwa fundi, nimwambie nini?

Mwambie ulichokiona: zipu inaachia mahali tofauti au palepale, na namba iliyoko mgongoni mwa kichwa. Muombe abane kichwa mbele yako. Ikifunga, mpe kazi ya kubadili kichwa tu, na kwenye suruali ajue kwamba kichwa huingizwa kutoka chini, ncha mbili zikiwa sambamba bila kupishana hata jino moja, kisha ashone kizuizi kwa uzi. Kwenye jaketi huingizwa kutoka juu, upande wenye kisanduku kidogo cha chini kinachopokea pini. Mlipe vizuri kwa hilo, na uondoke na zipu yako ya zamani.