Mchuuzi na Sheria ya Bima ya Afya



Somo hili limetokana na swali. Jumapili moja, baada ya ibada, alitujia mama mmoja auzaye chakula nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa risiti ya zahanati moja ya binafsi. Mwanawe alilazwa siku mbili, na fedha aliyodaiwa ilikuwa sawa na mtaji wake wote: mchele, mafuta, mkaa na kodi ya banda. Alikwisha kulipa, wala hakuja kuomba mchango. Alikuja kuuliza. "Mwalimu, wanasema sheria ya bima ya afya ipo. Sasa iliandikwa na nani, na mbona mimi sikuulizwa?"

Tulimjibu maneno mengi siku ile, kama ilivyo desturi yetu walimu, lakini swali lake tuliliacha pale pale. Basi tumeketi, tumekusanya tuliyoyajua, na leo twajaribu kulijibu vizuri zaidi. Somo hili lafaa lisomwe na watu kadhaa kwa pamoja, kwa sauti, na mahali penye ubishi msomaji asimame.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Sisi tulio na umri wa miaka sitini na zaidi twakumbuka siku ambazo mtu aliingia hospitali ya serikali akatibiwa bila kulipa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilishika njia hiyo, na mwaka 1977 ikapitishwa sheria iliyozuia watu kuendesha hospitali kwa ajili ya faida. Mwaka 1973 tulikuwa watoto wa shule wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakafungua kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Yasemekana walioshiriki walifika kama milioni 2 nchi nzima. Twaitaja kampeni hiyo kwa sababu moja: watu walikuwa na desturi ya kukaa na kuzungumza habari ya afya yao wenyewe. Redio ilisema, nao walijibu kwa jembe.

Baadaye mambo yakabadilika. Uchumi ulianguka, dawa zikapungua, na mgonjwa akawa anaandikiwa cheti aende akanunue dukani. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama, kwa awamu, ukitangulia katika hospitali kubwa. Misamaha iliwekwa kwa mama wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Kwenye karatasi msamaha ni mzuri. Dirishani, kama dawa haipo, msamaha hauna cha kusamehe.

Ndipo tunapofika katika habari ambayo vijana wa Kariakoo wengi hawaijui, nasi twaona ni kosa letu wazee kutowaambia. Katikati ya miaka ya 1990, uchangiaji ulipoanza kuuma, wachuuzi na mafundi wa jiji hili walianzisha mfuko wao wenyewe wa matibabu. Uliitwa UMASIDA, yaani Umoja wa Matibabu katika Sekta Isiyo Rasmi Dar es Salaam. Shirika la Kazi Duniani lilisaidia mwanzo wake kwa mradi wa majaribio, lakini waliokuwamo ni vikundi vya watu wa kawaida, wenye kufua vyuma, kushona na kuuza sokoni. Walichanga fedha, wakafanya mapatano na zahanati za binafsi, na mwanachama akiumwa alikwenda kutibiwa huko bila kutoa fedha siku ile.

Tulieleze jambo moja la mfuko huo kwa kirefu, maana ndani yake mna fundisho. Kumdai kila mtu mchango wake peke yake kulikuwa kazi ngumu. Mchuuzi hana mwisho wa mwezi. Leo ameuza, kesho mvua imenyesha, keshokutwa mgambo amepita. Ukimwendea siku ya mvua hana kitu, na si kwamba hataki. Kwa hiyo vikundi vikachukua njia ya mchango wa kikundi: chama chenyewe kilipa kwa mkupuo mmoja kwa niaba ya wote, nacho kikajua namna ya kukusanya kwa watu wake, kidogo kidogo, siku zile wanapokuwa nacho. Profesa Angwara Kiwara wa Muhimbili ameandika juu ya njia hiyo, na wageni wa nchi nyingine wamejifunza kwayo. Lakini mtu wa Kariakoo hahitaji profesa kumfundisha hilo. Kila aliyecheza upatu amjua kijumbe, na ajua kwamba kijumbe hufika saa ya fedha, si saa ya njaa.

Katika miaka hiyo hiyo, 1995, ilianza pia jumuiya ya VIBINDO, iliyounganisha vikundi vya wenye viwanda na biashara ndogondogo. Hapo sauti iliongezeka. Mtu mmoja akilalamika kwa afisa huambiwa asubiri. Vikundi vingi vikija na barua moja, afisa hutafuta kiti.

Mbona basi mifuko ya namna hiyo haikutosha? Hilo nalo tuliseme kweli. Mfuko mdogo waweza kulipa malaria na kidonda. Hauwezi kulipa upasuaji wa nyonga, wala figo, wala saratani. Wagonjwa watatu wakubwa katika mwaka mmoja huumaliza. Na yako maradhi mengine ya mifuko ya hiari: mtu mzima wa afya haoni haja ya kujiunga, anakuja mbio siku anapoumwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wenyewe ulipata taabu hiyo. Mwezi Machi 2023, usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi ulipositishwa, maelezo ya Mfuko yalikuwa kwamba matumizi yalizidi michango kwa mbali, maana wengi waliandikisha watoto walio wagonjwa tayari. Wazazi walilia sana, nasi hatuwalaumu. Lakini hesabu ni hesabu. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kumalizwa na kikundi, wala na parishi. Lahitaji sheria ya nchi, ili mzima na mgonjwa, tajiri na maskini, waingie katika chungu kimoja.

Sisi walimu tuliingia mapema. Sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Tulikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaongeza 3. Tukumbushane jinsi tulivyonung'unika katika ofisi ya walimu! Leo kadi ile ndiyo inayotutibu presha. Mama lishe hakukatwa kitu, wala hakupata kitu. Kwa watu wa vijijini ulikuwapo Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga na kupewa sheria mwaka 2001, na kwa mijini ikaja Tiba kwa Kadi, TIKA. Hiyo nayo ilikuwa ya hiari, na tumekwisha kusema habari ya hiari.

Sasa twaja kwenye swali la mama: iliandikwa na nani?

Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliletwa Bungeni kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2022. Wakati ule kilitajwa kiwango cha shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Muswada ulipingwa kwa sauti nyingi. Wengine waliuliza maskini kabisa atalipiwa na nani, na fedha hiyo itatoka wapi. Wengine hawakupenda kipengele kilichotaka mtu awe na bima ndipo apate huduma nyingine, kama leseni ya udereva au nafasi ya kidato cha tano. Mjadala ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, na sheria ikapitishwa tarehe 1 Novemba 2023. Ndani yake yametajwa mapato ya kuwalipia wasio na uwezo: sehemu ya ushuru wa vinywaji kama soda na pombe, wa vipodozi, michezo ya kubahatisha, ada za vyombo vya moto na miamala ya kielektroniki. Swali la "fedha itatoka wapi" lilipata jibu katika maandishi ya sheria kwa sababu watu walikataa kuliacha.

Tusidanganyane, hata hivyo. Waliouliza walikuwa hasa wabunge, mashirika ya jijini na waandishi wa magazeti. Muswada ukiisha kusomwa mara ya kwanza hupelekwa katika kamati ya Bunge, na kamati hukaribisha maoni ya watu kwa mdomo au kwa maandishi. Mlango huo uko wazi kwa kila mwananchi. Lakini tangazo lake hutoka mara nyingi siku chache kabla, na kikao kiko Dodoma. Mama auzaye wali hatafunga jiko kwenda Dodoma. Basi jibu letu kwa mama ni hili: hakuulizwa kwa sababu hakuwa na chama kilichotumwa kwenda kusema, na sisi wenye kujua kusoma matangazo hatukumwambia.

Hapa hebu tupige hesabu ndogo. Chukua 340,000, ugawe kwa siku 365. Utapata shilingi 931 na kitu kidogo, kwa watu sita. Haifiki bei ya sahani ya wali hapa sokoni. Kiwango hicho ni cha wakati wa mjadala wa 2022, nasi twakitumia kwa zoezi tu. Kiwango cha kulipa mtu akiulize ofisini. Lakini waona jambo lenyewe? Mchuuzi akitakiwa kutoa 340,000 kwa siku moja, hiyo ni mtaji wake. Akitakiwa 931 kila jioni, yawezekana. Kwa hiyo dai la mchuuzi huenda lisiwe "punguzeni" peke yake, bali pia "tupokeeni kwa vikundi, kidogo kidogo", jinsi UMASIDA ilivyofanya miaka thelathini iliyopita. Dai la namna hiyo afisa hawezi kulipuuza kwa urahisi, maana limekuja na njia ya kulitimiza.

Wengine watasema Kariakoo yajua kudai, nao wana haki. Tarehe 15 Mei 2023 maduka yalifungwa kwa ajili ya kodi na kamatakamata, na siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja mwenyewe kuzungumza na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Nguvu iko. Sisi hatushauri kufunga duka kwa ajili ya dawa. Anayeumia kwanza ni kuli na msukuma mkokoteni aliyekosa kazi siku ile. Lakini twajiuliza kwa nini kodi ilitutoa barabarani na matibabu hayajatupeleka hata kwenye mkutano wa mtaa.

Tumependa zaidi mfano wa Rukwa. Katika miaka ya 2012 hadi 2014, watu wa Utepe Mweupe, wanaopigania uzazi salama, walianza kwa kuhesabu. Walikwenda vituo vya afya wakatazama kama mama mwenye uzazi pingamizi aweza kufanyiwa upasuaji pale. Wakakusanya sahihi za wananchi, wakaenda kwa viongozi wa mkoa, kwa wabunge, hadi kwa Mizengo Pinda aliyekuwa Waziri Mkuu. Kauli yao ilikuwa "Wajibika Mama Aishi". Miaka iliyofuata serikali ilijenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji. Hatusemi ni kwa ajili yao peke yao. Twasema walikwenda na hesabu, na aliyekwenda na hesabu huulizwa maswali, hafukuzwi.

Na kwetu je? Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za serikali na wafadhili huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo cha afya. Kila kituo chapaswa kuwa na kamati yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, wanaopitia mpango na matumizi. Juu yake iko Bodi ya Afya ya Halmashauri, na upande mwingine yuko diwani na Baraza la Madiwani la Jiji. Mwaka wa fedha huanza Julai, na Bunge la bajeti huanza Aprili. Anayepeleka barua mwezi Mei amechelewa. Mipango ya kata na halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Tulipouliza watu ishirini baada ya ibada kama wawajua wajumbe wa kamati ya kituo wanachotibiwa, alinyosha mkono mmoja tu, naye alisema alimjua aliyekuwapo kabla ya huyu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi na katika Umoja wa Akina Mama:

Ni nani wajumbe wa kamati ya kituo cha afya unachokwenda, na walikutana lini mara ya mwisho? Asiyejua aulize kabla ya Jumapili ijayo.

Katika miezi mitatu iliyopita, ni dawa gani uliyoandikiwa ukaambiwa haipo? Leteni cheti au risiti, si maneno matupu. Majina ya wagonjwa yafutwe.

Kama chama chako cha upatu kingelipa bima kwa mkupuo mmoja kwa ajili ya wote, mwanachama angetoa kiasi gani kwa siku, na nani angemlipia aliyekosa wiki ile? Swali hili la mwisho ndilo gumu, msilirukie.

Majibu yaandikwe katika daftari moja na kuletwa kwa katibu wa parishi, ili barua iandikwe mapema. Mama mwenye risiti amekubali kuleta daftari lake la mauzo ya mwezi mzima, siku za mvua zikiwamo.